Naenda Ufaransa mwezi wa 9, natafuta njia za baiskeli zenye utulivu kwenye mashamba ya zabibu

Mtoto wa Barabara ya 12:
Wakuu habari za jioni. Mie niko Tanga hapa Ngamiani, naendesha baiskeli lakini sio wa mashindano, kila Jumapili alfajiri natoka napita Pongwe naingia kwenye mashamba ya mkonge huko ndani kwa ndani mpaka usawa wa Muheza, narudi saa saba miguu imekufa ila kichwa kimetulia. Barabara ya Segera niliachana nayo tangu lori linipitie karibu mpaka nikaishia mtaroni, na dereva hata hakusimama.

Sasa dada yangu kaolewa Dijon, Ufaransa, kaniita nikakae kwake wiki mbili mwezi wa 9. Nimechungulia ramani nikaona kutoka Dijon kwenda Beaune mpaka Chagny kuna barabara inaitwa D974 imenyooka vizuri na pembeni ni zabibu tupu, nikasema hii hapa ndio yenyewe. Dada anasema we usithubutu, hiyo ina magari kama Segera. Lakini yeye baiskeli hapandi kwa hiyo zaidi ya hapo hana msaada. Je kuna vinjia vya kupita mashambani kimya kimya bila kugombana na magari? Na baiskeli nibebe yangu au nikodi huko huko? Mvinyo situmii, msianze.

Kidume wa Chumbageni:
Tunaanza hivyo hivyo 😂 yaani zabibu zipo Dodoma, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, nauli ya basi tu, wewe unazifuata Ufaransa na wala hunywi? Huo ni sawa na mtu kuja Forodhani Raskazone halafu anauliza wapi kuna kivuli tu. Haya safari njema.

Shangazi Raskazone:
Mdogo wangu usimsikilize huyo. Dada yako kasema kweli, D974 iache. Mie nimeishi Lyon miaka sita na hayo maeneo nimeyapita kwa baiskeli mara tatu, na mara ya kwanza nilifanya kosa hilo hilo lako la kufuata mstari mnene kwenye ramani.

Iko hivi, ukisimama hapo barabarani ukatazama magharibi unaona mashamba yanapanda taratibu mpaka yanakutana na msitu juu ya kilima. Sasa katikati ya huo mteremko kuna vinjia vyembamba vya lami na zege, vya matrekta ya wenye mashamba, na humo ndimo walimopitisha njia ya baiskeli inaitwa Voie des Vignes, kutoka Beaune mpaka Santenay, kama kilomita 22 hivi. Unapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet, Chassagne, vijiji vidogo ambavyo ukivikuta Handeni usingejua umevipita lakini hayo majina yakibandikwa kwenye chupa watu wanauza gari. Mizabibu yao mifupi, inakufika kiunoni tu, kwa hiyo sio kama kwenye mkonge mkubwa ambako unaona njia yako na mbingu basi, pale unaona shamba lote mpaka bondeni na kuta za mawe zimegawa vipande vipande. Hivyo vipande kila kimoja kina jina lake, na UNESCO waliviweka kwenye urithi wa dunia 2015. Ukiuliza kwa nini kipande hiki ghali na cha jirani rahisi watakueleza udongo na jua mpaka giza liingie.

Ila nisikudanganye, sio tambarare. Inapanda inashuka inapanda, vilima vifupi lakini vya ghafla, na ukiwa na mzigo utaniita majina. Kilomita 22 mie zilinimaliza nusu siku kwa sababu kila kona nasimama.

Watu wengi wakifika Santenay wanageuza, na hapo ndipo wanapokosea. Hapo kijijini kuna mfereji, Canal du Centre, unashika njia ya kando ya maji kuelekea Chagny na baadaye Chalon-sur-Saône, tambarare kabisa, unapishana na wavuvi na wazee wanaotembeza mbwa. Kutoka Chalon unakwenda Givry, na kuanzia Givry mpaka Cluny kuna kilomita 44 za reli ya zamani, waling'oa mataruma wakamwaga lami, wakafungua 1997, ndio njia ya kwanza ya namna hiyo Ufaransa. Gari haliingii. Pikipiki haiingii. Na kwa vile treni haipandi kilima kikali, na wewe hupandi. Mwanzo unapita mizabibu ya Givry na Buxy, mbele huko inakuwa malisho ya ng'ombe weupe na msitu, na mie kusema kweli hicho kipande cha ng'ombe ndicho nilichokipenda kuliko hata huko kwenye majina makubwa, maana hakuna mtalii wala nini.

Mtoto wa Barabara ya 12:
Aisee shangazi Mungu akuweke. Nimesoma mara mbili. Hiyo ya reli imeniuma kidogo, hapa kwetu ile reli ndogo ya Wajerumani ya kwenda Sigi ingebaki njia yake tu tungekuwa tunapanda Amani kwa baiskeli kama wafalme. Swali, mwezi wa 9 si ndio mavuno? Kutakuwa kimya kweli?

Shangazi Raskazone:
Umeuliza la maana. Kipindi hicho ni mavuno kweli, miaka mingine yanaanza tangu mwishoni mwa mwezi wa 8, na wakati huo vile vinjia vinajaa matrekta na mabasi madogo yanayobeba wavunaji. Wana trekta moja refu miguu juu, linapita juu ya mstari wa mizabibu kama mtu kachanua miguu, mara ya kwanza kukutana nalo uso kwa uso kwenye kinjia cha mita mbili nilishuka nikajibanza ukutani na baiskeli yangu. Hawana ubaya, wanakupungia mkono, lakini wako kazini na wewe uko matembezini, mpishe. Vyumba navyo vinakuwa tabu. Kama dada yako anaweza kusogeza, nenda mwezi wa 10, majani yanageuka manjano na vinjia vinabaki vyako. Ila baridi ya asubuhi sisi watu wa Tanga haituonei huruma, beba glavu. Na Jumapili vaa kitu cha rangi kali ukipita karibu na msitu, wawindaji wanakuwa wameshaanza msimu.

Fundi Spoku:
Baiskeli kodi huko. Nakujua na hiyo Foniks yako, nimeitia spoku mwaka huu mara ngapi? Ukiibeba ndege utalipia mzigo na ikifika rimu imepinda utamwambia nani. Beaune wanakodisha, omba yenye giya nyingi na keria ya nyuma ya kubeba mifuko miwili pembeni. Kitu kimoja tu beba kutoka nyumbani, SITI yako. Siti uliyoizoea haina uzito na itakuokoa, siku ya tatu utanikumbuka. Ukikabidhiwa baiskeli jaribu breki kabla hujaingia barabarani, huko kwa kawaida ya mkono wa kushoto ndiyo ya mbele, na wanaendesha kulia, ukisahau yote mawili kwa pamoja kwenye mteremko wa zege ndio basi tena. Kengele na taa ni sheria, na nje ya mji usiku lazima kizibao cha kung'aa.

Kidume wa Chumbageni:
Na mlevi wa baiskeli je anakamatwa?

Fundi Spoku:
Anakamatwa, kipimo ni kile kile cha mwenye gari, nusu gramu kwa lita ya damu. Kwa hiyo wewe usiende.

Msafiri wa Mabawa:
Naongezea la makaratasi maana watu wanasahau. Viza ya Schengen, yaani ile ya kuingia Ufaransa na nchi jirani zake, ya muda mfupi ni euro 90, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Kwa vile unafikia kwa dada, mwambie aende ofisi ya meya wa mji wake akaombe attestation d'accueil, ni karatasi ya mwenyeji, naye anailipia. Aanze mapema, mie ndugu yangu alisubiri hiyo karatasi mpaka tarehe ya ndege ikapita.

Mtoto wa Barabara ya 12:
Nimeandika yote. Mbili za mwisho, nikichoka katikati narudije Dijon, na chakula na maji huko mashambani vipi?

Shangazi Raskazone:
Kurudi ni rahisi, reli ya Dijon, Beaune, Chagny, Chalon, Mâcon inakwenda sambamba na safari yako mpaka Chalon, ila kule Givry mpaka Cluny haipiti, treni za mkoa wanaziita TER, baiskeli inaingia bure ila nafasi chache, epuka saa za watu kutoka kazini.

Chakula jipange. Vijijini duka linafunga saa sita mpaka saa nane mchana, Jumapili mchana hakuna kitu na Jumatatu wengi wanapumzika. Mie nilikula mkate, jibini na sardini za kopo siku nzima nikashukuru, na kwa wewe hiyo ndiyo salama, nyama ya nguruwe wanaitia hata kwenye saladi. Maji usicheke, nenda makaburini. Kila kijiji makaburi yana bomba la kumwagilia maua, waendesha baiskeli wote wa kule wanajaza hapo. Angalia tu kibao, kikiandikwa non potable usinywe.

Mtoto wa Barabara ya 12:
Shangazi, mama yangu akisikia nimekunywa maji ya makaburini nikirudi nasomewa dua siku saba.

Kidume wa Chumbageni:
Usimwambie. Mimi nitamwambia.

Mtoto wa Barabara ya 12:
Nimeongea na dada, mwezi wa 10 kakubali, ataenda kwa meya wiki ijayo. Nitaanzia Beaune niishie Cluny, siku nne bila haraka. Fundi nakuletea baiskeli uniondolee siti, hiyo bolti yake imeshika kutu.

Fundi Spoku:
Lete Jumamosi asubuhi, imwagie mafuta usiku wa kuamkia. Mchana sipo, naenda Pangani.