Tupeane uzoefu: kuandika Kiingereza darasa lenye Wagogo, Warangi na Wasandawe

MwlBahi: Wadau, Darasa la Nne, watoto 80, lugha za nyumbani tatu. Kusoma ubaoni wanajitahidi. Ukisema "andikeni sentensi tatu kuhusu mbuzi", kalamu zote zinasimama. Mnafanyaje?

ChakiKongwa: Umeruka mazungumzo. Dakika 10 waongee wawili wawili, lugha yoyote: mbuzi ana rangi gani, anakula nini, nani anamchunga. Kisha maneno sita tu ubaoni, na jedwali la safu tatu: nani, anafanya nini, kitu gani. "My goat / eats / leaves." Wasome kwa sauti, wabadilishe neno mojamoja, ndipo wafungue madaftari. Sentensi ya kwanza wananakili, ya pili wanajaza pengo, ya tatu kila mtu ya kwake. Chunga ile -s ya "eats". Kwenye Kiswahili alama ya nafsi inakaa mwanzoni mwa kitenzi, a-nakula, kwa hiyo mtoto haangalii mkia wa neno.

MamaMpwapwa: Hapo kwenye mkia umenena.

Kondoa_Juu: Kwangu ugomvi ni tahajia. Wamezoea kuandika wanavyotamka, unapata "ticha" na "tebo". Sahihisha kosa la aina moja kwa wiki, mengine yaache.

MwlMkongwe: Hapana! Kosa ukiliacha linaota mizizi. Sahihisha yote.

Kondoa_Juu: Shikamoo mwalimu. Daftari likirudi jekundu tupu, mtoto kesho anaandika sentensi moja fupi ili asikosee.

Chamwino4: Na "he" na "she" je? Lugha zetu zote zina "yeye" tu.

ChembaMwl: Si zote! Kisandawe kinatenganisha, hewe wa kiume, hesu wa kike. Mtoto wa Kisandawe kule Farkwa tayari analo wazo hilo, mwonyeshe tu linapokutana na "he" na "she". Halafu kuna shule anavishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha hiyohiyo! Inaniuma sana. Mtoto aliyefungwa mdomo ataandika nini?

MwlMkongwe: Bila kibao hawazoei Kiingereza.

MamaMpwapwa: Wanazoea kunyamaza, mwalimu wangu.

MwlBahi: Jamani, turudi kwenye mbuzi. Jedwali nalichora kila siku?

ChakiKongwa: Kata kadi kwenye maboksi ya dukani, upana wa kiganja. Rangi moja ya nani, nyingine ya kitenzi, ya tatu ya kitu. Kundi la watano seti moja. Kwa 80 unahitaji seti 16. Kila kundi changanya lugha. Wapange sentensi mezani kwanza, waandike baadaye.