Toledo kwa siku mbili pamoja na mzee: tuanzie wapi, na tuache nini?

Binti wa Mwalimu

Ndugu wanajukwaa, salamu nyingi kwenu nyote.

Mwishoni mwa Oktoba nitakuwa Madrid kwa shughuli za kazi, na nitafuatana na baba yangu, ambaye alisomesha historia katika shule za sekondari za Unguja mpaka alipostaafu. Kazi yangu itamalizika Jumamosi na ndege yetu itaondoka Jumanne, kwa hiyo Jumapili na Jumatatu ni zetu. Mzee hataki kusikia habari za maduka wala viwanja vya mpira. Alichoomba ni kuuona mji wa Toledo, ambao kwa miaka mingi aliwafundisha wanafunzi wake kwa jina lake la zama za Waislamu, Tulaytula, bila ya kuwahi kuukanyaga.

Kinachonitia wasiwasi ni magoti yake. Katika ardhi tambarare anatembea vizuri tu, lakini mpando mrefu humchosha, na kila ninachosoma kinasema kwamba mji huo umekaa juu ya mwamba uliozungukwa na mto Tajo pande tatu, na kwamba vichochoro vyake vimetandikwa mawe na havijui kwenda sawa. Isitoshe, orodha ya majengo ya kuangalia ni ndefu mno, na naogopa tusije tukaingia milango kumi na tukatoka bila ya kuona kitu. Naomba ushauri wa waliofika: je, tulale huko au tuende na kurudi? Tuanzie wapi, na ni kipi tunachoweza kukiacha bila ya majuto?

Mkaazi wa Madrid

Dada, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu.

Usafiri haupaswi kukusumbua. Toledo iko kilomita zipatazo 70 kusini mwa Madrid, na treni ya mwendo kasi kutoka stesheni ya Atocha hufika kwa muda wa nusu saa na dakika chache. Viti vina namba na mwisho wa wiki hujaa, kwa hiyo nunueni tiketi mapema, za kwenda na za kurudi. Mkiteremka msikimbilie nje, kwani stesheni yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1919, imejengwa kwa kuiga ufundi wa mafundi wa Kiislamu wa Hispania, na dari yake ya mbao pamoja na vigae vyake vinastahili dakika kumi za mtu aliyesomesha tarehe.

Kuhusu kulala, jibu langu ni ndiyo, laleni. Wageni wengi huja asubuhi kwa mabasi ya utalii na huondoka kabla ya jua kuchwa, na mji unaobaki baada ya wao kuondoka ni mwingine kabisa. Mzee pia atapata nafasi ya kupumzika mchana badala ya kuburutwa kutoka jengo hadi jengo.

Sasa magoti. Kanuni ninayowapa wageni wangu wote wenye umri ni kupanda kwa gari na kuteremka kwa miguu. Kutoka stesheni kuna basi la mjini linalopanda hadi uwanja wa Zocodover, na kuna teksi. Mkichukua teksi, mwombeni dereva azunguke kwanza kwa barabara ya ng'ambo ya mto na kusimama Mirador del Valle, mahali ambapo mji mzima huonekana kwa mkupuo mmoja, ngome ya Alcázar kulia na mnara wa kanisa kuu katikati. Mwendo huo unaongeza gharama kidogo tu, na humpa mtu ramani ya mji kichwani kabla hajaingia ndani yake. Upande wa kaskazini, karibu na lango la Bisagra, zimewekwa ngazi za umeme zinazopanda ubavu wa kilima kwa vipande kadhaa, nazo ni za bure. Zimewapunguzia wazee wa mji huo taabu kubwa.

Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni siku zenyewe. Jumapili asubuhi kanisa kuu huwa katika ibada, na watalii huruhusiwa kuingia baada ya adhuhuri. Sinagogi la El Tránsito, ambalo sasa ni makumbusho ya Wayahudi wa Hispania, hufungwa Jumatatu, na Jumapili hufunguliwa asubuhi tu, bila ya kiingilio. Kwa hiyo ratiba yenu imeshajipanga yenyewe: Jumapili asubuhi teksi iwashushe mtaa wa Wayahudi, mchana mle na mpumzike, alasiri muingie kanisa kuu. Saa za kufungua hubadilika kwa misimu, kwa hiyo zihakikisheni kabla ya safari.

Msomaji wa Tarehe

Nakubaliana na ndugu yangu kuhusu siku, ila nasikitika kwamba hakuutaja msikiti. Kwa mtu aliyeusomesha mji huo kwa jina la Tulaytula, hapo ndipo penye roho ya safari yote.

Tunazungumzia jengo dogo la matofali linaloitwa leo Cristo de la Luz, lililojengwa mwaka wa 390 Hijria, sawa na mwaka 999 au 1000. Tunaujua mwaka huo kwa sababu umeandikwa kwa matofali yenyewe, kwa herufi za Kiarabu za mtindo wa Kikufi, juu ya uso wa jengo, pamoja na jina la aliyelijenga kwa mali yake, Ahmad ibn Hadidi. Mzee asimame hapo nje na asome mwenyewe. Ndani pana upana wa mita nane hivi kila upande, nguzo nne za mawe zilizotolewa katika majengo ya kale zaidi, na kuba ndogo tisa juu, ambazo kila moja imefumwa mbavu kwa namna yake, wala hakuna mbili zinazofanana. Baada ya mji kutekwa na mfalme Alfonso wa Sita mwaka 1085, msikiti ulifanywa kanisa, na katika karne ya 12 ukaongezewa chumba cha madhabahu cha mviringo, kilichojengwa kwa matofali yale yale na matao ya mtindo ule ule. Mtazamaji asiyeambiwa huweza kudhani yote ni kazi ya mkono mmoja. Siku hizi haufanyiwi ibada ya dini yoyote; ni mahali pa kuangalia tu, na nyuma yake pana bustani ndogo yenye kivuli.

Ninalisisitiza hili kwa sababu wageni wengi hupewa hadithi tamu mno kuhusu Toledo, kwamba Waislamu, Wakristo na Wayahudi waliishi pamoja kwa raha mustarehe. Ukweli una pande zote mbili. Ni kweli kwamba katika karne ya 12 watu walitoka mbali kuja kutafuta vitabu vya Kiarabu hapo. Gerard wa Cremona alikuja kutoka Italia akikitafuta kitabu cha falaki cha Ptolemy, akabaki mpaka kufa kwake mwaka 1187, na alitafsiri kwa Kilatini vitabu zaidi ya sabini, ikiwemo Qanun ya Ibn Sina katika tiba. Kazi hizo hazikuwa za mtu mmoja mmoja. Mara nyingi Myahudi au Mkristo ajuaye Kiarabu alisoma na kufasiri kwa mdomo kwa lugha ya mitaani, na mwenzake akaandika Kilatini. Lakini ni kweli pia kwamba Samuel ha-Levi, mweka hazina wa mfalme Pedro aliyelijenga sinagogi la El Tránsito katika miaka ya 1350, alikamatwa na mfalme huyo huyo na kufia kifungoni, na kwamba mwaka 1492 Wayahudi wote waliokataa kubatizwa walifukuzwa Hispania. Mzee akiingia El Tránsito ataona maandishi ya Kiebrania yaliyozunguka kuta chini ya dari ya mbao, na akitazama vizuri kati ya nakshi za chokaa ataona na ya Kiarabu. Hicho ndicho kitu cha kumkalisha kitako na kumwachia muda.

Hapo karibu pia kuna Santa María la Blanca, sinagogi la kale zaidi, la mwishoni mwa karne ya 12, lenye safu za nguzo nyeupe za pembe nane na matao yaliyobana chini kwa mtindo wa Waislamu wa Andalusi. Lilifanywa kanisa na likabaki na jina la kanisa. Waislamu ndio waliokuwa na mtindo, Wayahudi ndio walioagiza jengo, Wakristo ndio waliotawala mji. Kama kuna chumba kimoja kinachoeleza Toledo bila ya maneno, basi ni hicho.

Fundi Mawe

Nimesoma majibu yote mawili kwa furaha, na nina hoja moja. Nahisi mzee ataelekezwa kwenye msikiti na masinagogi, kisha kanisa kuu likabaki la kupitia tu jioni kwa miguu iliyochoka. Isiwe hivyo. Mimi ni mtu wa ujenzi, na kwa maoni yangu hilo ndilo jengo kubwa kuliko yote mjini humo kwa kila maana ya neno.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1226 chini ya askofu mkuu Rodrigo Jiménez de Rada na haukukamilika mpaka mwaka 1493, na lilisimamishwa mahali ulipokuwa msikiti mkuu wa Tulaytula. Inasimuliwa kwamba Alfonso aliwaahidi Waislamu kuwa msikiti wao wataachiwa, kisha akiwa safarini askofu wa wakati huo na malkia wakauchukua kwa nguvu. Mfalme aliporudi kwa hasira, faqihi wa Waislamu, Abu Walid, ndiye aliyewaombea wawili hao msamaha ili kuepusha damu. Wakristo wenyewe wakamweka ukumbusho, na sanamu yake imo hadi leo katika nguzo za madhabahu kuu, miongoni mwa watakatifu na wafalme. Mwambie mzee aitafute.

Nyuma ya madhabahu hiyo kuna kazi inayoitwa Transparente. Narciso Tomé alipewa tatizo la mwanga, kwa sababu sehemu ile ilikuwa na giza, naye akatoboa dari la mawe la karne kadhaa na kufungua tundu juu ili jua lianguke moja kwa moja juu ya marumaru na sanamu alizozipanga chini. Aliikamilisha mwaka 1732. Kutoboa kuba ya aina ile bila ya kuiangusha ni jambo ambalo hata leo ningelifikiria mara nyingi kabla ya kulikubali. Katika chumba cha mavazi ya makasisi kuna picha ya mchoraji El Greco ya Kristo akivuliwa vazi lake, aliyoimaliza mwaka 1579, miaka miwili baada ya kuhamia mjini. Tengeni saa mbili nzima kwa kanisa hilo, na tafuteni benchi.

Mkitaka kuacha kitu, acheni makumbusho ya jeshi ndani ya Alcázar. Ngome hiyo ilibomolewa vibaya ilipozingirwa mwaka 1936, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ikajengwa upya. Makumbusho yake ni makubwa na yanahitaji siku yake. Itazameni kwa nje.

Binti wa Mwalimu

Nimemsomea mzee majibu yote baada ya Isha, naye ameniomba niwashukuru mmoja mmoja. Habari ya Abu Walid hakuwa akiijua, na amenitaka niirudie. Tumekubaliana kulala. Yamebaki mawili: msikiti tuuweke wapi katika ratiba, maana naona kwenye ramani uko upande wa pili wa kilima, na chakula, kwa kuwa sisi hatuli nguruwe.

Mkaazi wa Madrid

Msikiti uwekeni Jumatatu asubuhi, mkishafunga mizigo. Uko kwenye mteremko wa kaskazini, chini ya Zocodover, na mkitoka hapo mnaendelea kuteremka kuelekea lango la Bisagra, ambako teksi ya kwenda stesheni hupatikana kirahisi. Hamtapanda hata hatua moja mliyoteremka. Mkiuweka Jumapili mtalazimika kurudi juu.

Jumapili, baada ya masinagogi mawili, ingieni kanisa la Santo Tomé lililo jirani kuiona picha ya El Greco ya mazishi ya bwana wa Orgaz, aliyoichora kati ya 1586 na 1588 na ambayo haijahamishwa kutoka kanisa hilo. Watakatifu wawili wanamlaza maiti huku waungwana wa Toledo wa zama za mchoraji wakiwa wamejipanga nyuma, kila uso na mwenyewe. Kwa Santa María la Blanca, Santo Tomé na msikiti, pamoja na majengo mengine manne, huuzwa kikuku kimoja cha mkononi kinachofanya kazi maadamu hamjakivua, kwa hiyo laleni nacho. El Tránsito na kanisa kuu havimo. Hivyo vina tiketi zake.

Kuhusu chakula, jihadharini na mchuzi wa kienyeji uitwao carcamusas, kwani ni wa nguruwe, na ulizeni hata kwenye dengu na maharagwe, maana hutiwa vipande vya nyama hiyo kwa ladha. Samaki wapo, jibini ya kondoo ya La Mancha ipo, na kuna pisto, mboga za nyanya, pilipili mboga na maboga madogo zilizopikwa polepole kwa mafuta ya zeituni, ambazo huwekewa yai juu. Kitamu cha mji ni mazapán, lozi zilizosagwa na sukari, na baadhi ya masista wa nyumba za watawa huzitengeneza na kuziuza wenyewe. Mnunulieni mzee boksi moja Jumapili jioni, kabla maduka hayajafungwa.