Nina saa 1,320 za kuruka, nimeahidiwa ukapteni: nihame au ningoje?

Wa Changamwe: Jamani nisaidieni. Nina miaka 31, mwaka wa nne huu narusha ndege ndogo ya Caravan kutoka Ukunda, watalii kwenda Maasai Mara na kurudi. Kampuni ni ndogo, sitaitaja. Bosi ameniahidi mistari minne ya ukapteni "karibuni", na karibuni hiyo naisikia tangu mwaka juzi. Wiki jana shirika kubwa la Nairobi limeniita niwe rubani msaidizi kwenye jeti. Mafunzo wanalipa wao, ila nitie sahihi kutumikia miaka mitatu; nikitoka mapema, nina deni. Mshahara wa kuanzia uko chini ya ninaopata sasa pamoja na posho za saa. Mke ana mimba ya miezi sita. Mama yuko Tudor hapa Mombasa, hataki hata kusikia Nairobi.

Mvuvi wa Mtongwe: Wanakuchezea hao. Jeti haikai mtu mwenye chini ya saa 1,500.

Kapteni Mstaafu: Hiyo ni sheria ya Marekani, ndugu yangu. Waliianza 2013, baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50. (Na marubani wale wote wawili walikuwa wameshazipita 1,500, lakini tuyaache.) Kwingine, mwenye leseni ya biashara ya saa 200 aweza kuketi kulia, kiti cha rubani msaidizi. Hizo 1,500 ni za leseni ya juu, ya kuketi kushoto, kiti cha kapteni. Sasa wewe mwanangu, saa za usiku unazo ngapi? Leseni ile yataka 100. Viwanja vya Mara havina taa. Jua likizama, wewe uko nyumbani ukila mbaazi. Utafika 1,500 hapo Ukunda na leseni usiione.

Wa Changamwe: Shikamoo kapteni. Ninazo 41.

Binti Kibokoni: Mie mume wangu ni rubani, na la maana hamjamwambia. Saa utahama nazo, foleni huhami nayo. Mashirika makubwa mengi huwapanga marubani kwa tarehe ya kuajiriwa: nani apandishwe, nani apate likizo ya Idi, na kazi ikipungua, aliyeingia mwisho ndiye hutangulia kutoka. Wangu alihama akiwa kapteni, ana miaka 38, akarudi mkiani nyuma ya vijana wa 25. Ramadhani ya kwanza alifuturu nyumbani siku tatu. Nenda sasa. Mke ajifungue kwanza hapa hapa, ndiyo akufuate.

Mvuvi wa Mtongwe: Haya, nimekosea. Lakini mtoto yuaja na mshahara washuka. Mtamlisha nyinyi?

Binti Kibokoni: Mwulize mwezi wa Mei, masika yakimwagika na watalii hawapo, hizo posho za saa zilikuwa ngapi. Asipige hesabu ya Agosti.

Kapteni Mstaafu: Naam. Na usome mkataba vizuri: deni hupungua kila mwezi unaotumikia, au ladaiwa lote hata ukitoka mwezi wa 35? Likiwa la pili, bishana nao kabla ya kalamu. Kurusha abiria kimataifa mwisho ni miaka 65, kwa hiyo una 34 mbele yako. Ila kila kundi linaloajiriwa wewe ukingoja ahadi, litakuwa mbele yako mpaka ustaafu.

Wa Changamwe: Mei nilipata mshahara mtupu, posho haikufika hata ya mafuta ya pikipiki. Mkataba nimeusoma tena usiku, deni lapungua kila mwezi. Amebaki mama. Ijumaa baada ya swala naenda Tudor na halua.

Binti Kibokoni: Chukua kilo mbili.