Makabidhiano ya zamu kwa wahudumu wa wagonjwa majumbani: mnayasimamiaje?

Mratibu_Ubungo
Wakuu, habari za kazi. Naratibu huduma ya wagonjwa majumbani, wahudumu 14, nyumba 6 za Kimara, Sinza na Tabata, Dar es Salaam. Wengi ni wazee wenye kiharusi na kisukari. Mambo mawili yanajirudia: dawa ya asubuhi kutolewa mara mbili, na vidonda vya mgongoni kuanza bila mtu kuandika lolote mpaka ngozi ifunguke. Fomu zipo na zinajazwa. Nianze kubadilisha wapi? Na zamu ya saa 24 inakubalika? Familia zinaipenda kwa sababu ya foleni.

Muuguzi_Mkongwe
Mkuu, dawa ikirudiwa asubuhi, tazama kati ya saa 12 na saa 2. Wa usiku ametoa dawa akawahi basi la mwendokasi kabla watu hawajajaa. Wa mchana bado yuko njiani. Anayebaki na mgonjwa ni dada wa kazi, ambaye hakuambiwa kitu. Wa mchana anafika, anaikuta bahasha ya dawa mezani, anampa mgonjwa. Semina nyingine haitaziba pengo hilo.

Pishanisha zamu kwa nusu saa, na hiyo nusu saa ilipwe, isipolipwa haitafanyika. Wakutane kando ya kitanda, si getini. Waanze na mgonjwa mwenyewe: wamgeuze pamoja, watazame mfupa wa kiuno, nyonga na visigino. Kisha wahesabu vidonge vilivyobaki na kulinganisha na daftari. Sahihi ya mwisho huja baada ya hapo. Na ya kila dawa iwekwe mgonjwa akishameza, si wakati kidonge kiko mkononi.

Halafu kuna mtego wa saa. Ukiandika "saa 8" tu, mmoja atasoma saa nane mchana, mwingine aliyezoea saa ya simu atasoma saa mbili asubuhi. Andika "saa 2 asubuhi, 08:00" kila mara. Vivyo hivyo alama za bahasha: 1x2 na 2x1 zinaleta jumla ileile ya vidonge kwa siku, lakini vidonge viwili vya presha kwa mpigo vinaweza kumwangusha mzee akielekea chooni. Muuguzi mwenye leseni anakili kwa maneno: "kimoja asubuhi, kimoja usiku".

Insulini nayo: mhudumu haichomi mpaka chakula kiwe mezani. Sukari ya damu ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na mgonjwa anameza vizuri, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Akiwa hana fahamu, usitie chochote mdomoni, kimbizeni hospitali.

Zamu_Ya_Usiku
Naongezea kwenye vidonda. "Amegeuzwa" haitoshi kwenye daftari. Andika upande na saa: kushoto, chali, kulia. Kila baada ya saa 2. Alalie ubavu kwa mwinamo wa nyuzi kama 30, mto nyuma ya mgongo, asiegemee mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mto mwingine chini ya vigimbi, visigino vielee hewani.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, ndiyo maana wengi wanashtuka ngozi ikiwa imeshafunguka. Papasa kwa mgongo wa kiganja: penye joto au ugumu kuliko jirani yake pameshaanza. Msipakande hapo, na msimkalishe juu ya ringi ya mpira, maana inabana damu kuzunguka pale pale. Kumpandisha juu kitandani, watu wawili na shuka la kuvutia. Ukimburuta kwa makwapa ngozi ya kiuno inachubuka, na bega la upande uliopooza linaweza kuchomoka.

Mratibu_Ubungo
Asanteni sana. Familia moja inakataa mzee aamshwe usiku kila saa 2.

Zamu_Ya_Usiku
Akiwa na godoro zuri la kupunguza mgandamizo na ngozi haijabadilika, muuguzi anaweza kuruhusu usiku ageuzwe kila baada ya saa 4. Auandike uamuzi huo na ngozi ikaguliwe kila asubuhi. Joto likionekana, mnarudi kila baada ya saa 2 bila mjadala na familia.

Haki_Kazini
Zamu ya saa 24, hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na hata ukijumlisha saa za ziada mfanyakazi asizidi 12 kwa siku. Kazi ya usiku ina nyongeza ya angalau 5% ya mshahara wa saa. Kati ya zamu na zamu apumzike saa 12. Kwa anayeishi hapohapo kazini zinaweza kushuka hadi 8, kwa makubaliano ya maandishi. Foleni isikufanye uvunje hili: chagua mhudumu anayekaa karibu na nyumba ya mgonjwa. Na wasajili WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kwani mgongo kuumia kwa kunyanyua ni ajali ya kazini.

Fundi_Oksijeni
Kama kuna mgonjwa wa oksijeni, LUKU (umeme wa kulipia kabla) nayo ikabidhiwe. Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika inakula takriban uniti 8 kwa siku. Zikibaki 20 familia ipigiwe simu, siyo usiku zimebaki 2. Mtungi wa akiba wa ujazo wa lita 10 ukisoma bar 150 una karibu lita 1,500. Kwa lita 2 kwa dakika ni saa 12 na nusu. Kwa lita 5, saa 5 tu. Andikeni usomaji wa geji kila zamu. Jiko la mkaa na mishumaa vikae mbali na chumba hicho. Spana ya mtungi ifungwe kwa kamba kwenye mtungi wenyewe. Umeme ukikatika ndiyo kitu cha kwanza kutafutwa gizani.