Wauza "maneno ya msimu", acheni kufuta kurasa za wateja kila sikukuu ikipita

Wakuu,

Uzi huu unawahusu wanaojitangaza kuwa wataalamu wa SEO (kazi ya kuifanya tovuti ionekane juu kwenye matokeo ya Google) na kuwauzia wenye biashara "kifurushi cha maneno ya msimu", yaani maneno ambayo watu huyatafuta sikukuu zikikaribia. Watu wanapigwa mchana kweupe. Mchezo ni uleule kila mwaka: wiki mbili kabla ya sikukuu unafunguliwa ukurasa mpya wenye mwaka kwenye anwani yake, "ofa za Krismasi" zinarudiwa kila mstari, Januari ukurasa unafutwa, na msimu ujao mteja analipishwa tena kwa kazi ileile kuanzia sifuri. Aliyeufuta anajua fika kwamba alichokifuta ndicho mteja alichokilipia.

Thamani ya ukurasa wa msimu iko kwenye anwani yake. Tovuti nyingine zikiweka kiungo cha kuja /ofa/krismasi-2024, nguvu ya viungo hivyo inakaa kwenye anwani hiyo. Ukiifuta, mgeni anakutana na 404 (ujumbe kwamba ukurasa haupo), Google inauondoa ukurasa kwenye faharasa yake (orodha ya kurasa inazozionyesha), na viungo vyote vinabaki vinaelekea shimoni. Hili si fumbo. Google wenyewe, kwenye mwongozo wao wa Black Friday kwa wenye tovuti, wanasema tukio linalojirudia lipewe anwani moja ya kudumu isiyo na mwaka ndani yake. Anwani iwe /ofa/krismasi, basi. Mwaka uandike kwenye kichwa cha ukurasa na kwenye maandishi, kwa sababu watafutaji wengi huuandika, na huko unabadilika kwa dakika mbili.

Mwenye kurasa nne za miaka minne asizifute. Achague anwani moja isiyo na mwaka, kisha kila ya zamani aielekeze huko kwa 301 (elekezo la kudumu linalompeleka mgeni kwenye anwani mpya), moja kwa moja. Msifanye ya 2021 iende ya 2022, nayo iende ya 2023, mnyororo mrefu usio na maana. Viungo vya ndani ya tovuti na ramani ya tovuti (sitemap, faili linaloorodhesha kurasa zake kwa Google) virekebishwe vitaje anwani mpya. Na acheni kuelekeza kila ukurasa mfu kwenye ukurasa wa mwanzo: Google ikiona mahali ulipompeleka mgeni hapahusiani na alichokuwa anakitafuta, huhesabu kwamba ukurasa haupo, hivyo elekezo lako halimsaidii mtu.

Msimu ukiisha, ukurasa ubaki hewani. Ondoa bei zilizopita, andika wazi kwamba ofa zimefungwa, taja msimu ujao ni lini, weka fomu ya kuacha barua pepe na viungo vya bidhaa zinazouzwa mwaka mzima. Kwenye data za bidhaa (maelezo yaliyo ndani ya msimbo wa ukurasa kwa ajili ya Google) angalia sehemu ya priceValidUntil, yaani mwisho wa bei hiyo kutumika, maana tarehe yake ikishapita Google inaweza kuacha kuonyesha bei kwenye matokeo. Utoe kwenye menyu kuu ukipenda, ila uache kiungo angalau kimoja kutoka ukurasa mwingine, usije ukabaki yatima. Wale wanaoweka noindex (agizo la kuiambia Google isiuonyeshe ukurasa kwenye matokeo) Januari na kuitoa Novemba wanajiumiza bure: ukurasa wenye noindex kwa miezi mingi roboti za Google zinazosoma kurasa hupunguza kuutembelea, na siku ukiutaka urudi unasubiri wakati wenzako wanauza.

Tuje kwenye muda, ambako uongo ni mwingi zaidi. Ukurasa mpya unaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kusomwa na Google. Kile kitufe cha kuomba usomwe ndani ya Search Console (zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kwenye utafutaji) kina kikomo cha maombi kwa siku, na hakimhakikishii mtu chochote. Sasa anayeuza "maneno ya msimu" siku 14 kabla ya sikukuu anauza nini? Fungua Google Trends (zana inayochora jinsi neno linavyotafutwa kadiri muda unavyopita), weka miaka mitano ili upate mchoro wa wiki kwa wiki, tafuta wiki ambayo mstari unaanza kupanda. Kilele achana nacho, kwa sababu siku ya kilele wanunuzi wengi wameshachagua. Kutoka wiki hiyo ya kupanda, rudi nyuma wiki nane kwa ukurasa uliopo tayari, na miezi mitatu minne kwa ukurasa mpya. Hicho ndicho kipimo ninachokitetea.

Tena msimu mmoja hauna neno moja. Mwanzoni watu hutafuta mawazo: "zawadi kwa mama", "mapambo ya nyumba". Katikati wanalinganisha: bei, ofa, ipi bora kuliko ipi. Siku za mwisho wanauliza kama mzigo utafika kabla ya sikukuu na kama duka litakuwa wazi. Kifurushi chenye maneno ya hatua ya katikati pekee kinaingia pale ushindani ulipo mkali kuliko kote, na kinaacha yale ya mwanzo na ya mwisho ambayo biashara ndogo ingeyapata kwa urahisi zaidi. Saa ya mwisho ya kupokea oda iandikwe kama maandishi ya kawaida ndani ya ukurasa. Ikiwa ndani ya picha ya bango, usitegemee itafutike.

Kuhusu takwimu mnazowaonyesha wateja: namba 100 ya Google Trends si idadi ya watafutaji. Ni kilele cha mchoro huo tu, na namba nyingine zote zinapimwa dhidi yake. Kuchukua picha za michoro miwili tofauti na kusema "maneno yote yana 100" ni kumdanganya mtu. Yaweke kwenye mchoro mmoja, unaruhusu maneno kadhaa. Chagua na nchi pia. Desemba ni joto kusini mwa dunia na baridi kaskazini, kwa hiyo mchoro wa dunia nzima kwa nguo za baridi unachanganya misimu miwili inayopingana.

Keyword Planner, zana ya Google kwa watangazaji inayoonyesha neno linatafutwa mara ngapi, nayo inaonyesha wastani wa mwezi. Neno linalotafutwa mara 12,000 Desemba na karibu sifuri miezi mingine litaandikwa 1,000. Mmoja atalidharau, mwingine atamwambia mteja atarajie watu 1,000 kila mwezi, na wote wamekosea. Tazama miezi mmojammoja. Na akaunti isiyo na matangazo yanayoendelea mara nyingi huonyeshwa masafa mapana tu, mfano 1,000 hadi 10,000. Anayekuletea namba kamili kutoka akaunti ya namna hiyo, muulize ameitoa wapi.

Sikukuu zinazohama ndizo zinazoumbua wengi. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka: 2024 ilianza karibu na tarehe 11 Machi, 2025 karibu na 1 Machi, 2026 karibu na 18 Februari, kutegemea mwandamo. Pasaka ilikuwa 31 Machi mwaka 2024 na 20 Aprili mwaka 2025. Halafu mtu anatoa ripoti ya "Aprili dhidi ya Aprili" na kutangaza ukuaji! Linganisha kwa kuhesabu kutoka siku ya sikukuu yenyewe, tuseme siku 42 kabla hadi 7 baada, mwaka huu na mwaka jana. Search Console ina ulinganisho wa tarehe za kujichagulia, hakuna kisingizio. Inahifadhi miezi 16 tu, kwa hiyo pakua data msimu ukiisha, au unganisha BigQuery (hifadhi ya data ya Google) mapema, maana haileti data za kabla ya siku uliyoiunganisha.

Ujazaji wa maneno sitaurefusha. Lebo ya meta ya maneno muhimu (orodha ya maneno iliyofichwa kwenye msimbo wa ukurasa) Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo, na bado kuna wanaoitoza! Maandishi meupe juu ya nyeupe na orodha ya maneno ishirini chini ya kila ukurasa ni ukiukaji wa sera zao za taka. Kurasa mia za "ofa za sikukuu" zinazotofautiana jina la mji tu nazo zimo humo, na Machi 2024 waliongeza sera dhidi ya kuzalisha kurasa kwa wingi ili kucheza na matokeo. Baya kuliko yote kwa mauzo ni kubadilisha vichwa vya kurasa za bidhaa viwe vya msimu. Ukurasa uliokuwa unaleta wateja mwaka mzima kwa "viatu vya ngozi vya kiume" unaitwa "Ofa Kabambe za Krismasi", unashindana na ukurasa wa ofa wa tovuti ileile, na Februari mwenye duka anashangaa wateja wameenda wapi. Acha bidhaa na kichwa chake. Weka kiungo kimoja kutoka pale kwenda ukurasa wa msimu, inatosha.

Ripoti zenu ndizo zinaniudhi kuliko vyote. "Wageni wameongezeka mara tatu Desemba." Desemba watu wanatafuta mara tatu zaidi, hata tovuti isiyoguswa na mtu inapanda! Ondoa kwanza utafutaji wenye jina la biashara, kisha onyesha nafasi ya wastani kwa maneno mliyolipiwa, pamoja na asilimia ya waliobofya kati ya walioonyeshwa, msimu huu na uliopita. Nafasi ikiwa ni ileile na maonyesho ndiyo yaliyopanda, kilichopanda ni mahitaji ya watu, wala msikidai kama kazi yenu. Kisha onyesha oda zilizotoka kwenye ukurasa huo. Mgeni anayekuja kutafuta picha za kupamba simu hanunui sofa.

Kwa wenye biashara mnaosoma: kabla ya kulipa, hakikisheni mmiliki wa Search Console ni ninyi na mtoa huduma ni mtumiaji aliyeongezwa tu, anayeweza kuondolewa. Mkataba utaje anwani ya ukurasa neno kwa neno, tarehe ya kuwa hewani, nani anaubadilisha msimu ukiisha, na kwamba haufutwi bila idhini yenu ya maandishi. Na ninyi mnaouza vifurushi, jibuni hapa hapa bila kuzunguka: ukurasa mliomtengenezea mteja msimu uliopita, leo ukifunguliwa unaleta nini?