Naombeni ushauri, mabaka ya vitiligo yanarudi palepale yalipopona

Habari zenu wakuu, mdogo wangu ana vitiligo (ngozi kupoteza rangi na kubaki na mabaka meupe) huu mwaka wa tatu, alipaka takrolimusi, dawa ya kupaka ya kutuliza kinga kwenye ngozi, pamoja na tiba ya mwanga wa UVB rangi ikarudi vizuri tu usoni, tukaacha, haikupita miezi mingi mabaka hayo yamerudi palepale, yani kama yalikuwa na ramani. Daktari wa ngozi anasema kinga yake ya mwili ndo inashambulia seli zinazotengeneza rangi, na kuna seli T (askari wa kinga ya mwili) za kumbukumbu zinabaki zimejificha kwenye ngozi hata ukiona imepona, halafu zile seli T za kutuliza wenzake zimezidiwa nguvu. Hapo nikamwelewa.

Sasa kuna watu wanatushauri tumpe vitu vya kupandisha kinga, mi naona huko ni kuchochea moto tu maana shida sio kinga ndogo, au nakosea? Na kuna aliyetumia krimu ya ruksolitinibu, ile iliyoidhinishwa Marekani 2022 kwa vitiligo, rangi ilikaa baada ya kuacha? Au mnaendelea na takrolimusi mara 2 kwa wiki hata baada ya kupona? Za laana msiniletee jamani, tumeshazisikia za kutosha.