Kaunti haina deni ila mamlaka ya maji taka inadaiwa mamilioni, ninunue nyumba au niache?

Mtu wa Pwani:
Wakuu salaam. Niko Marekani mwaka wa tisa huu, mimi na wife tumepata nyumba kaunti moja jimbo la New York, kodi ya majengo nafuu na kwenye bajeti waliyoweka mtandaoni deni ni dogo tu. Juzi mzee wa nyumba ya pili akaniambia kijana usiangalie hiyo bajeti, deni lenyewe liko kwa mamlaka ya maji taka, bili yake imepanda karibu mara mbili tangu ahamie. Nikapiga simu ofisini wakanijibu lile sio deni la kaunti. Kwa nini serikali iweke deni nje ya bajeti yake yenyewe? Na je ninunue? Hela ya kuanzia ndio akiba yetu yote, naombeni msaada.

Kipanga wa Jioni:
Mkuu hawajakudanganya, kisheria kweli sio deni la kaunti, na ndio maana mamlaka iliundwa. Miaka ya 1840 majimbo ya huko yalikuwa yamekopa kujenga mifereji, reli na mabenki, mambo yakabuma, majimbo 8 yakashindwa kulipa. Watu walichukia sana. Katiba zikabadilishwa, New York 1846 wakaandika jimbo lisikope deni kubwa mpaka wananchi wapige kura, na miji na kaunti nazo baadaye zikawekewa kikomo kulingana na thamani ya majengo. Sasa kiongozi anataka bomba jipya, kodi hataki kupandisha, na anajua kwenye kura atakataliwa, basi anaunda mamlaka yenye bodi yake, inakopa kwa jina lake na kulipa kwa tozo, kile kikomo hakiigusi.

Mama Zawadi:
Mimi sikubali kwamba yote ni ujanja, anayepita darajani alipie daraja, asiyepita kwa nini alipe? Hapo mamlaka ina maana kabisa. Kinachoniuma ni ile ya 1991, jimbo la New York liliiuzia mamlaka yake lenyewe gereza la Attica kwa dola milioni 200, hela ikaziba pengo la bajeti, halafu jimbo likawa linalipa pango kwa gereza lilelile. Huo ni mkopo jamani, na hakuna mwananchi aliyeupigia kura. Mamlaka hiyohiyo ilianzishwa 1968 enzi za gavana Rockefeller kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini, bondi zake, yaani hati za mkopo ilizouza kwa wakopeshaji, jimbo halikulazimika kuzilipa kisheria, liliahidi tu kimaadili. Februari 1975 ikashindwa kulipa zaidi ya milioni 100 na jimbo likabidi liingilie.

Otis wa Ziwani:
Huku Kenya kaunti haiwezi kukopa bila serikali kuu kuidhamini, iko kwa katiba kifungu 212, so wanakopa kwa sisi masapulaya. Nilipeleka madawati kaunti fulani 2021, mpaka leo nangoja, na benki yangu haingoji. Hakuna mahali imeandikwa mkopo lakini riba naibeba mimi.

Kipanga wa Jioni:
Pole sana Otis. Mtu wa Pwani, ingia tovuti inaitwa EMMA, ni bure, tafuta jina la hiyo mamlaka usome hati ya bondi. Angalia deni linaisha mwaka gani, na zaidi ya yote tafuta ile ahadi kwa wakopeshaji kwamba tozo itapandishwa mpaka itoshe kulipa, mara nyingi ipo, na maana yake bili yako imeshaahidiwa kwa watu wengine kabla hujahamia. Kaunti ya Jefferson kule Alabama ilifilisika 2011 na deni la zaidi ya dola bilioni 4, kubwa kabisa likiwa la maji taka, na baada ya hapo bili zikaendelea kupanda.

Mtu wa Pwani:
Nimeisoma jana usiku na wife. Ahadi ya kupandisha tozo ipo, deni linaisha 2049, na kuna awamu ya pili ya mabomba ambayo hata haijakopewa. Kesho namuomba muuzaji bili zake za miaka mitano, tukijumlisha na kodi ikazidi ya nyumba nyingine tuliyoiona mji wa pili tunaachana nayo. Asanteni sana.

Mama Zawadi:
Usisahau kuuliza hiyo awamu ya pili inakopewa lini, vikao vya bodi viko wazi, nenda ukae.